Waksi ya mkebe, silanti ama seramiki: gari inayolala nje Kisumu na Nakuru upake gani?

Desemba iliyopita shemeji yangu alikuja Kisumu na familia kutoka Nakuru, akapaki Fielder yake nyeusi kando ya yangu ya buluu ya kukolea hapa kwetu Riat, na asubuhi yake tukajikuta tumesimama na vikombe vya chai tunaangalia boneti mbili. Hizi gari ni kama mapacha, zote za 2015, zote zilishuka Mombasa 2022, zote zinalala nje. Tofauti ni kwamba yeye mwezi wa kwanza tu alilipa shilingi 28,000 akawekewa seramiki, ile dawa ya fundi inayokauka ngumu juu ya rangi, mimi nikaanza na waksi ya mkebe alafu baadaye nikahamia silanti, yaani waksi ya kiwandani. Jua la saa mbili lilikuwa linapiga boneti yake kwa upande, na ukiinama kidogo unaona mikwaruzo myembamba inazunguka zunguka kama utando wa buibui, boneti nzima. Akaniuliza, "Shem, yako uliweka nini?" Nikamwambia silanti ya chupa, 1,800. Akanyamaza, akapitisha kidole kwa boneti yangu, alafu akarudi kwa yake.

Sasa usikimbie kusema seramiki ni uongo, manake yangu pia iko na kovu kwa paa na nitakuambia lilitoka wapi. Nimeosha na kupaka hii gari kwa mikono yangu miaka mitatu, na ile ya shemeji nimeifuatilia kila tukienda Nakuru, kwa hivyo nataka nilinganishe kwa ajili ya mtu anayekaa huku, gari inalala nje, vumbi ni vumbi kweli na mvua ni mvua kweli.

Kwanza ujue unalinda nini. Rangi ya gari si kitu kimoja, chini kuna praima, juu yake rangi yenyewe, alafu juu kabisa kuna klia, ile tabaka ya kung'aa isiyo na rangi. Hiyo klia kwa gari nyingi ni kama mikroni 40 au 50 hivi, na unywele mmoja wa kichwa chako ni kama mikroni 70. Yaani kitu kinachozuia jua lisile rangi ya gari yako ni chembamba kuliko unywele. Ikiisha imeisha, ndo unaona zile gari paa limebambuka mabaka meupe kama ngozi ya mtu aliyeungua, na hapo hakuna waksi ya kurudisha, ni kwenda kwa fundi wa rangi.

Na hapa kuna mkanganyiko unaoumiza watu sana. Kampaundi na polishi, zile dawa za kusugua rangi, zinatoa klia, waksi na silanti na seramiki zinaongeza tabaka juu yake. Ukipeleka gari pale barabarani ukaambiwa "tunakupigia bafingi ya mashine inang'aa kama mpya", mara nyingi wanachofanya ni kusaga klia kidogo ndo ule mng'ao utokee, na kweli utatoka, lakini ukifanya hivyo kila miezi mitatu unakula ile mikroni 40 mpaka siku moja mashine inatokea kwa rangi. Kupolishi ni kitu cha kufanya mara moja kwa muda mrefu, kukiwa na sababu. Kupaka waksi unaweza kupaka hata kila mwezi na haupotezi kitu. Muulize anayekufanyia, hiyo dawa inakwaruza ama haikwaruzi? Akikosa jibu, chukua ufunguo wako.

Kabla ya kupaka, tuongee kuosha, manake boneti ya shemeji haikuharibiwa na seramiki mbaya. Iliharibiwa na kitambaa.

Kuosha kwa vijana wa barabarani kuna faida yake, siwezi kukataa. Hapa Kisumu nalipa 250, wana mashine ya presha, wanafika chini ya gari mahali wewe nyumbani huwezi, na ukitoka Muhoroni wakati wa mvua na matope ya njia za matrekta ya miwa yamejaa kwa mataa, ile presha ndo dawa. Shida inaanza presha ikizimwa. Kijana ana karai moja ya maji, sabuni ya unga ya kufulia nguo, na sponji moja, na hiyo sponji imetoka kuosha rimu za Probox ya kubeba samaki. Yale mawe madogo yanaingia ndani ya vishimo vya sponji na anakuja nayo kwa boneti yako, anazungusha, anazungusha, na kila mzunguko ni mchoro. Alafu kitambaa cha kukaushia kilianguka chini kwa murram dakika tano zilizopita, akakipiga mara mbili hewani akaendelea. Na sabuni ya unga yenyewe inatoa waksi, kazi yake ni kutoa mafuta kwa nguo na waksi kwake ni mafuta tu, kwa hivyo ukioshewa nayo kila wiki waksi yoyote ya mkebe uliyopaka Jumamosi haioni mwisho wa mwezi. Wengine wanamalizia kwa kupangusa bodi na dizeli ama mafuta taa ndo ing'ae, hapo nakuomba ukatae kabisa, manake inashika vumbi kama gundi na raba za milango haziipendi.

Kuosha nyumbani kwa ndoo mbili ni polepole lakini rangi inapona. Ndoo moja ya shampuu ya gari, nyingine ya maji safi tu ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwa shampuu. Unaanza kwa kumwagia gari yote maji ndo vumbi lianguke lenyewe bila kuguswa, hii ni hatua ambayo watu wanaruka na ndo ya muhimu kuliko zote. Alafu unaosha kutoka juu kwenda chini, paa, vioo, boneti, milango, na sehemu za chini mwisho manake huko ndo kuna mchanga. Rimu ziwe na kitambaa chake, kisiguse bodi hata siku moja. Kukausha tumia taulo ya maikrofaiba, unailaza na kuivuta, usisugue. Mimi natumia maji kama lita 60 hivi, mitungi mitatu, na saa moja na kidogo. Na tafadhali usipeleke gari ndani ya ziwa ama mtoni, ile oili na sabuni yote inabaki kwa maji ambayo watu wanachota na samaki wanaishi.

Ukikosa muda wa nyumbani kuna njia ya katikati na ndo mimi hufanya wiki yenye shughuli. Nalipa presha tu, chini na bodi, sponji hapana, alafu nakausha na taulo yangu iliyo kwa buti. Vijana watashangaa mara ya kwanza. Mara ya pili watakuwa wamekuzoea.

Haya, sasa mwili wenyewe wa hii habari.

Waksi ya mkebe, ile ya kanauba, inatoka kwa mti wa jamii ya mnazi wa huko kaskazini mashariki mwa Brazili, majani yake yanatoa nta yasikauke na jua. Nta yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 80 na kitu, lakini ile ya mkebe imechanganywa na mafuta na vitu vingine ndo ipakike, kwa hivyo ni laini kuliko hiyo. Uzuri wake ni mng'ao, gari ya rangi nzito ikipakwa kanauba inakuwa na ule mng'ao wa ndani, kama imelowa, silanti haifikii hapo na mimi bado naupenda. Ni rahisi kupaka, ukikosea unapangusa unarudia. Shida ni kudumu. Gari inayolala ndani ya gereji inaweza kufika miezi miwili mitatu. Yangu ya kulala nje Kisumu, kwa jua la mchana ambalo huwezi kuweka kiganja kwa paa, nilikuwa napata wiki tano hivi, nikijitahidi.

Na hapo ndo kovu langu lilipotoka. Mwaka wa kwanza nilikuwa nimepaka kanauba, nikapata shughuli nyingi, miezi mitatu ikapita bila kurudia. Jumamosi nikapaki chini ya mti, nikarudi kuichukua Jumapili jioni. Kongoti walikuwa wamelala juu ya huo mti. Kama unajua kongoti unajua kinyesi chake si cha njiwa. Kilikuwa kimekauka kama plasta, na nilipokilowesha kikatoka, chini yake kulikuwa na alama yenye kingo, klia imejikunja kidogo, umbo kama ramani ya ziwa. Kinyesi cha ndege kina asidi, na jua likipasha rangi inalainika kidogo, alafu usiku inapoa inashika umbo la kile kilicho juu yake. Kama waksi ingekuwa mpya ingenipa muda zaidi. Haingenipa siku mbili, nisikudanganye, lakini ingenipa saa kadhaa.

Silanti ni waksi iliyotengenezwa kiwandani kwa polima, haina nta ya mti ndani. Mng'ao wake ni wa kioo, safi, lakini hauna ile hali ya kulowa. Ikishika imeshika, kwa gari ya kulala nje huku mimi napata miezi minne, kavu ya Januari na Februari imefika mitano, na hata vijana wakiniwahi na sabuni ya unga siku moja haitoki yote. Chupa moja ya 1,800 nimetumia mwaka mzima na imebaki karibu nusu, manake inapakwa nyembamba sana. Shida yake ni moja, inataka muda wa kushika kabla maji hayajaigusa, nyingi zinataka saa kadhaa mpaka usiku mzima, soma kwa chupa. Na Kisumu unajua mvua yetu, asubuhi jua, saa tisa mawingu yamepanda, saa kumi inamwaga. Kwa hivyo mimi napaka jioni ndani ya paa la mabati la jirani, ananipa nafasi, na gari inalala pale. Kama huna mahali pa paa hata usiku mmoja, panga kwa wiki ya kiangazi, usijaribu Aprili.

Kuna pia seramiki ya kupuliza, ya chupa ya spreya, unapuliza unapangusa. Hiyo naiweka karibu na silanti, miezi mitatu minne, rahisi zaidi ila inaisha haraka kwa chupa. Ni nzuri ya kuongezea juu ya silanti baada ya kuosha.

Alafu seramiki yenyewe, ile ya kuwekewa na fundi. Ni kimiminika cha silika kinachoshikana na klia na kukauka kuwa tabaka ngumu. Ikiwekwa vizuri inadumu miaka miwili mpaka mitano, sabuni haiitoi, wadudu na utomvu wanatoka kwa urahisi, na matope yanateleza. Hilo ni kweli, nimeona kwa gari ya shemeji, ukimwagia maji vumbi lote linashuka peke yake. Lakini kuna mambo matatu ambayo hakuambiwa siku analipa.

Moja, alielezwa kwamba ni 9H kwa hivyo haikwaruziki. Hiyo 9H ni kipimo cha penseli, wanakwaruza na penseli ngumu sana wanaona kama imeacha alama. Mchanga si penseli. Vumbi la Nakuru ni la udongo wa volkano, Menengai iko pale juu ya mji, na inasemekana hata jina Nakuru limetoka kwa Kimaasai, mahali pa vumbi. Ukitembea Kiamunyi mwezi wa pili utaamini. Sasa shemeji kila asubuhi kabla ya kazi alikuwa anapangusa hilo vumbi kavu kwa kitambaa kikavu, gari ipendeze. Kila asubuhi, miaka mitatu. Hakuna seramiki ya kuhimili hivyo, wala waksi, wala silanti. Mimi nilipona kwa sababu siigusi gari kavu, si kwa sababu chupa yangu ya 1,800 ni ngumu kuliko dawa yake ya 28,000.

Mbili, maji. Seramiki inafanya maji yasimame kama shanga, watu wanapenda kupiga picha. Lakini shanga ikikaukia juani, maji yanaenda na madini yanabaki, na maji mengi ya visima vya Nakuru yana madini mengi, si unajua hata meno ya watu yanaharibika rangi kwa ajili ya floridi. Milango yake ilikuwa na vidoa vyeupe vya duara kila mahali. Tulivitoa kwa siki nyeupe nusu kwa nusu na maji, kitambaa kilicholowa kikakaa dakika mbili, tukasuuza. Vingine vya zamani vilikataa. Kwa hivyo mwenye seramiki anahitaji kukausha gari kuliko mwenye waksi, ingawa aliambiwa kinyume.

Tatu, chochote kilicho chini ya seramiki kinafungiwa. Gari ya kutoka Japani ina miaka saba, ina mikwaruzo yake tayari, fundi mzuri anasawazisha rangi kwanza ndo anaweka, na hiyo kusawazisha ndo nusu ya bei na zaidi ya nusu ya kazi. Fundi wa haraka anaosha anaweka. Ukitaka kuitoa baadaye ni kwa kupolishi tu.

Kwa hesabu ya miaka miwili, silanti mimi natumia chupa mbili kwa kuhesabu vibaya, 3,600, na Jumamosi sita za kazi. Kanauba ni mikebe mitatu minne ya 1,500 na Jumamosi karibu 20. Seramiki ni 28,000 mara moja na bado unaosha kama wengine.

Sasa chagua kwa mahali unapolala na jinsi unavyoosha. Ukikaa karibu na ziwa, Dunga, Usenge, Mbita, adui yako ni wadudu wa ziwa, wale wanaotoka kwa mawingu usiku na kujaa kwa bampa na kioo mpaka huoni barabara. Wakikaukia pale siku mbili wanakula klia vile kinyesi cha ndege kinavyoila. Hapo silanti kwa gari yote na ya kupuliza kwa bampa na boneti kila wiki mbili, na asubuhi unalaza taulo iliyolowa kwa bampa dakika kumi ndo wanatoka bila kusugua. Kakamega na Vihiga shida ni mvua na matope mekundu na majani ya miti, silanti tena, ila ipake kabla ya mvua ya Machi. Nakuru ni jua na vumbi, mji uko kama mita 1,850 juu ya bahari na Kisumu ni 1,130 hivi, hewa ni nyepesi na miale ni mikali zaidi, na waksi yenyewe haizuii miale sana, kazi hiyo ni ya klia, kwa hivyo Nakuru kivuli kinashinda dawa zote. Hata shedi ya neti ya kijani. Ila usiende chini ya jakaranda ikitoa maua, yananata.

Seramiki ningemshauri mtu mwenye gari ambayo rangi bado ni nzuri, ana shedi, anaosha mwenyewe ama ana mtu mmoja anayemwamini, na anataka kukaa na hiyo gari miaka minne. Huyo pesa yake haipotei. Kanauba ni ya yule anayependa kushika gari yake kila mwezi, ama unapaka juu ya silanti siku ya harusi. Wengine wote, silanti. Na kama gari imepigwa rangi upya, usipake chochote kwanza, subiri mwezi mmoja mpaka mitatu vile fundi atakuambia, rangi mpya bado inapumua.

Kujua kama rangi ni safi kabla ya kupaka tena, osha gari, kausha, alafu ingiza vidole ndani ya karatasi ya mkate, ile ya plastiki, na upitishe polepole kwa boneti. Ikiteleza kama kioo, rangi ni safi. Ukisikia chenga chenga kama msasa, kuna uchafu umejishika kwa klia, unahitaji ule udongo wa klei wa kusafishia gari (kipande laini cha kunasa uchafu, si udongo wa shamba) na maji ya shampuu kuutoa, ndo upake. Paka kivulini, bodi ikiwa baridi, kipande kwa kipande, nyembamba kiasi hauioni vizuri, na usiguse plastiki nyeusi, itaacha weupe. Pitisha kidole, ikitoka safi bila kuburuza, pangusa.

Tulifanya hivyo na boneti ya shemeji ile Desemba. Karatasi ya mkate iliteleza. Seramiki yake bado iko, mikwaruzo iko juu yake. Siku ya kurudi tukapitia soko la Kibuye akanunua ndoo mbili za lita 20 na taulo nne, akaweka kwa buti, na kile kitambaa cha asubuhi akaniachia nipangusie baiskeli ya mtoto.